Keria ilivyokuwa ikininywea petroli

Kazi yangu ni kufunga sola, na kwa miaka mitatu Probox yangu ilitembea na ngazi kichwani. Keria ya chuma, ngazi, na vipande viwili vya bomba ambavyo hata sikumbuki vilikuwa vya kazi gani. Kangemi hadi Naivasha na kurudi, mara tatu kwa wiki. Ukishapita Rironi na barabara ikafunguka, keria inaanza kupiga mluzi mwembamba usiozimwa hata na redio. Niliuzoea. Kumbe naulipia.

Mafuta yalipopanda bei nikaanza kupima. Najaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, naandika kilomita kwenye daftari, naenda na kurudi, kisha najaza tena kwenye pampu ileile. Nilirudia mara tatu, maana siku moja ya upepo mkali pale Kinungi yaweza kukudanganya. Wastani ukawa kilomita 12.1 kwa lita.

Nikafungua keria. Boliti nane, na mbili zilishika kutu hadi nikazilaza na dizeli usiku kucha. Safari tatu tena, mzigo uleule, ila ngazi nimenunua ya kukunja inayolala ndani. 13.6! Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Tamaa ikaniingia. Nilikuwa nimesikia kwamba hewa inayoingia kwenye grili, yale matundu ya mbele ya gari, huzunguka kule ndani na kulizuia gari, kwa hivyo magari mengine mapya yana vifunga vya kuiziba grili injini isipohitaji kupoozwa. Nami nikakata kipande cha plastiki, nikaziba karibu grili yote kwa waya. Kwenda, safi. Kurudi, nikipanda kutoka Naivasha na betri nne nyuma, mshale wa joto ukaanza kupanda pamoja nami. Nilisimama Soko Mjinga, nikang'oa plastiki huku mama muuza viazi akinitazama.

"Baba, gari limekohoa?"

"Nililifunga pua, mama."

Vile vifunga vya kiwandani hujifungua vyenyewe joto likipanda. Waya wangu haukujua hayo.

Kilichobaki kilikuwa mguu wangu, na hapo ndipo nilipobishana na nafsi. Kasi ikiongezeka mara mbili, hewa hukuzuia mara nne. Kushuka kutoka 110 hadi 90 huondoa kama theluthi ya kizuizi hicho, bila kununua hata skrubu. Nimepitwa na kila mtu, hata lori la kabeji, lakini daftari likasoma 14.8. Kwa kilomita 500 hivi za wiki, ukilinganisha na ile 12.1 ya mwanzo, hiyo ni lita saba na nusu hivi nilizokuwa nikizipuliza hewani.

Nikiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way, haya yote hayana maana. Pale mafuta yanaliwa na kusimama na kuondoka, si upepo. Jirani yangu wa teksi, ambaye havuki Westlands, alitoa keria yake baada ya kunisikia na bado ananiuliza faida iko wapi.

Siku za paneli kubwa naifunga keria yangu tena, nusu saa na spana. Nikirudi naifungua usiku huohuo, hata kama mvua inanyesha.