Usiku tuliomuaga Wilko Johnson

Kijana wangu anajifunza gitaa. Juzi alikuwa anatazama video kwenye simu, akaniuliza, "Baba, huyu mzee mbona hana piki ya kuchapia nyuzi?" Nikasogea. Gitaa jeusi lenye kikingio chekundu, macho yamemtoka: Wilko Johnson, mpiga gitaa wa Uingereza. Nilikaa naye mpaka wimbo ukaisha, na usiku ule wa ukumbi wa Koko, Camden, London, ukanirudia wote.

Ilikuwa Machi 2013. Mzee mmoja wa kazini, mzaliwa wa kisiwa cha Canvey, ndiye aliyekuwa na tiketi ya ziada. Kwenye treni alinisimulia habari za Dr. Feelgood tu, bendi ya zamani ya Wilko: vijana wa kisiwa kile cha Essex chenye matangi ya mafuta, walioanza mwaka 1971 na kupiga rhythm and blues kavu, ya kasi, isiyo na mapambo. Mbele alisimama Lee Brilleaux, aliyezaliwa Durban, na suti nyeupe iliyojaa madoa, akiimba na kupuliza kinanda cha mdomo. Pembeni Wilko. Mwaka 1976 albamu yao ya jukwaani, Stupidity, ilishika namba moja Uingereza. Mwaka uliofuata wakagombana, Wilko akatoka. Lee aliendelea na bendi hadi saratani ilipomchukua mwaka 1994, akiwa na miaka 41.

Na sasa Wilko naye. Januari ile alikuwa ametangaza kwamba ana saratani ya kongosho, haina tiba, tibakemikali ameikataa, na anataka kupanda jukwaani kuaga watu.

Kabla ya kuja huku Uingereza nilipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya harusi Morogoro, kwa hiyo macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mkono wake wa kulia. Kwetu kazi hiyo hugawanywa: huyu anashika ridhimu, yule anacharaza solo. Wilko alizibeba zote mbili. Vidole vitupu vilichapa nyuzi kwenda na kurudi, na katikati ya mchapo uleule solo ikachomoza, ikauma, ikarudi ndani. Mkono wa kushoto ulizima sauti kabla haijatandaa, ndiyo maana kila pigo lilikatika kama kuni kavu. Norman Watt-Roy akimshindilia besi, Dylan Howe kwenye ngoma. Mara Wilko anateleza mbele bila kugeuza shingo, anarudi kinyumenyume, anaweka gitaa begani kama bunduki, analenga, anatumiminia risasi. Wazee wenye mvi walinyoosha vifua wapigwe, wanacheka, machozi yanawatoka. Mwisho ukaja wimbo wa Chuck Berry, Bye Bye Johnny, na ukumbi mzima ukapunga mikono. Nami nilipunga.

Baba alikuwa amelazwa Morogoro wakati huo, saratani hiyohiyo, na kikao cha familia kilikuwa kimeamua asiambiwe. Vidonda vya tumbo, ndivyo tulivyomwambia. Kila nikipiga simu: "Shikamoo baba. Unaendeleaje?" Yeye: "Marahaba mwanangu, vidonda tu hivi." Na mbele yangu alikuwa mtu aliyeambiwa yote, akalitangaza mwenyewe, na sijawahi kuona mtu anapiga gitaa kwa furaha namna ile.

Wilko hakufa mwaka ule. Shabiki wake mmoja, Charlie Chan, ambaye ni daktari wa upasuaji, alishangaa kumwona bado ana nguvu. Akahimiza achunguzwe upya. Ikaonekana ni saratani ya aina nyingine, isiyo na kasi, na mwaka 2014 madaktari wa Cambridge wakamtoa uvimbe wa kilo 3. Akaishi hadi Novemba 2022.

Baba alifariki Agosti ile ya 2013. Dada yangu mkubwa anasema tulimpa miezi ya kulala usingizi, na ni kweli alilala vizuri. Mimi nasema alikuwa na watu wa kuwaaga, na pengine na mengi ya kusema. Kila nikienda nyumbani tunalirudia, sauti zinapanda, mpaka mama anatuambia tunyamaze tule.