Ghala la programu za Debian bila intaneti: nilivyolijenga Ukerewe

Shule ninayofundisha iko Ukerewe, mwendo wa pikipiki kutoka Nansio. Umeme upo. Kompyuta zipo 14, zote zilishatumika huko zilikotoka, na zote nimeziwekea Debian 12, mfumo endeshi huria, kwa fleshi yenye nakala ya ile DVD ya kwanza ya Debian, kwa hiyo zilikuja na Xfce (mazingira mepesi ya eneokazi) na LibreOffice. Intaneti yetu ni ya simu, na ukitaka ishike vizuri unatoka nje ya darasa. WhatsApp inapita, lakini programu nzima haipiti.

Nilitaka kuongeza tano: GCompris (michezo ya kujifunzia), Stellarium (anga la nyota), Inkscape (kuchora), Thonny (kuandika Python) na Audacity (kuhariri sauti). Kwa hesabu yangu, pamoja na vitegemezi vyake, yaani programu nyingine zinazohitajika ili hizo zifanye kazi, ni kama MB 700. Ukizidisha kwa kompyuta 14 unakaribia GB 10, vitu vilevile vikipakuliwa mara kumi na nne. Bando hilo lingetoka kwenye michango ya wazazi wanaoishi kwa dagaa na mihogo. Sikuwa tayari kulinunua.

Neno kifurushi linachanganya kidogo hapa, maana kwetu kifurushi ni bando. Kwenye Debian, kifurushi ni faili la .deb lenye programu au kipande cha programu. Debian 12 ilipotoka Juni 2023 ilikuwa na vifurushi 64,419. Mimi nilihitaji mia mbili na kitu tu, ila hizo mia mbili zisipungue hata kimoja, kwa sababu kifurushi kimoja kikikosekana, apt, chombo cha Debian cha kupakua na kuinstoli vifurushi, hukataa programu yote. Na mara ya kwanza nilikosea hapohapo.

Nilivuka kwenda Mwanza, nikalala kwa dada yangu Nyegezi, nikasubiri bando la usiku. Nikaiambia laptopu yangu ipakue bila kuinstoli, kwa --download-only. Alfajiri nikakuta faili zimeshuka, chache kuliko nilivyotarajia, nikashukuru na kuwahi meli. Jumatatu kidato cha tatu wamekaa tayari, nikachomeka fleshi, na GCompris ikakataa. Inadai maktaba za Qt, vipande vya msimbo ambavyo programu nyingi huvitumia kwa pamoja. Nikatafuta kwenye fleshi, hazimo. Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, kwenye laptopu yako inakubali?" Nikajaribu mbele yao. Ilikubali mara moja.

Swali lake ndilo lililonifumbua macho. Laptopu yangu nayo ni ya Debian, ila eneokazi lake ni KDE, na KDE imejengwa juu ya Qt, kwa hiyo maktaba zile ninazo miaka yote. Apt hupakua kile tu ambacho mashine unayoitumia haina. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Niliiuliza mashine iliyoshiba, nikapeleka jibu lake kwa mashine 14 zenye njaa.

Dawa yake ni ndogo, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Kila mashine ya Debian huandika vyote ilivyonavyo katika faili moja, /var/lib/dpkg/status. Nilinakili faili hilo kutoka kompyuta mojawapo ya darasani, nikavuka nalo tena, kisha nikaiambia apt ya laptopu yangu ihesabu kana kwamba ndiyo ile kompyuta ya darasani:

mkdir -p ~/ghala/partial
sudo apt-get update
sudo apt-get -o Dir::State::status=$HOME/status -o Dir::Cache::archives=$HOME/ghala/ --download-only install gcompris-qt stellarium inkscape thonny audacity

Hilo folda la partial liunde mwenyewe, apt isije ikalalamika kwamba halipo. Hakikisha pia kwamba laptopu na kompyuta za darasani ni toleo moja la Debian na aina moja ya prosesa. Amri ya dpkg --print-architecture itakuambia. Usiku ule faili zilizoshuka zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za kwanza.

Rundo la faili bado si ghala. Ghala lina daftari, na daftari la apt ni faili liitwalo Packages. Kwanza nilibadilisha majina yenye %3a ndani yake, kwa kuwa seva ya wavuti inaweza kuisoma alama hiyo kama nukta mbili na kusema faili halipo. Kisha:

cd ~/ghala
dpkg-scanpackages -m . > Packages

Amri hiyo inatoka kwenye kifurushi cha dpkg-dev. Nakushauri kwa dhati uiendeshe kulekule ulikopakulia, kabla mzigo haujasafiri. Packages huandika ukubwa na alama ya SHA256 (kama alama ya kidole) ya kila faili, kama hati ya mzigo inayoandikwa bandarini kabla ya meli kung'oa nanga. Ukiiandika baada ya kufika, faili lililoharibika njiani utaliandika kuwa zima. Mimi niliwahi kuchomoa fleshi kabla haijamaliza kunakili, na apt ikanionyesha faili lenyewe kwamba ukubwa wake haulingani na ulioandikwa. Nikalinakili upya lile moja tu.

Shuleni niliweka vyote ndani ya /srv/ghala kwenye kompyuta namba 1, nikawapa watumiaji wote ruhusa ya kusoma. Katika /etc/apt/sources.list, faili linaloiambia apt ichukue wapi vifurushi, nikatia # mbele ya mistari ya zamani, nikaongeza huu:

deb [trusted=yes] file:/srv/ghala ./

Halafu sudo apt update, na baada ya hapo apt install kama kawaida. Lile neno trusted=yes lichukulie kwa uzito. Linaiambia apt isidai sahihi ya kidijitali, ile inayothibitisha vifurushi vimetoka wapi, kwa sababu ghala langu sijalitia sahihi. Nalikubali kwa kuwa faili zote nilizichota mwenyewe kwa Debian, na apt ya laptopu yangu ilikagua sahihi wakati wa kupakua. Faili za .deb za kuokota kwenye fleshi ya mtu sitaziingiza humo hata siku moja.

Zile 13 zilizobaki sikuzichomekea fleshi. Zote zimeungwa kwenye swichi moja ya mtandao, kwa hiyo kwenye namba 1 niliingia /srv/ghala nikaandika amri inayoligeuza folda hilo kuwa seva ya wavuti:

python3 -m http.server 8000

na kwenye nyingine mstari ukawa deb [trusted=yes] http://192.168.1.10:8000/ ./ (192.168.1.10 ndiyo anwani ya namba 1). Wanafunzi waliandika mstari huo wenyewe, kila wawili kwenye mashine yao. Mmoja alisahau nafasi kabla ya ./, jirani yake akaiona kabla yangu. Stellarium ilipofunguka walihamisha mahali pa kutazamia hadi Mwanza, wakaanza kuitafuta Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima.

Orodha ya muhula ujao nimeibandika mlangoni, kila anayetaka programu anaandika. Hadi jana walishaandika Blender (picha za 3D) na LMMS (kutunga muziki). Nakala mpya ya status iko tayari kwenye fleshi, na Jumamosi navuka.