Kwa madogo mnaoanza kushika semi, yale malori makubwa ya trela

Leseni umepata sawa ila hapo ndo unaanza kujifunza sasa. Kazi ya kwanza usiangalie mshahara tu, uliza nani atakaa na wewe kwenye kebini mwanzoni, mi nilipewa mzee mmoja mkali balaa, kila asubuhi ananizungusha gari zima, matairi, upepo wa breki, taa, mikanda ya mzigo, afu ananiuliza umeona nini, nikisema sijaona kitu tunazunguka tena.

Kwenye mteremko ndo pana kazi. Shusha gia kabla hujaanza kushuka, sio ukiwa katikati, maana ukikanyaga breki muda wote zinapata moto zinaacha kushika na huo mzigo wa tani na tani nyuma yako hauna huruma. Na kutia fri, yaani kutoa gia gari ishuke yenyewe, eti unaokoa mafuta acha kabisa (mnaofanya hivyo mnajijua).

Kurivasi sio mashindano, ukikosa uhakika shuka chini ukaangalie, wenye haraka wapige honi watachoka. Usingizi nao haudanganywi na kahawa, paki ulale hata dakika 20, bosi akipiga simu mwambie tu ukweli gari imesimama.