Kikiboli ya jioni Washington: mwite kwanza aliyecheza netiboli

Pita kwenye nyasi za National Mall, uwanja mpana wa wazi katikati ya Washington, jioni ya siku ya kazi, kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba. Utawakuta watu wazima waliovaa fulana za rangi moja wakipokezana kuupiga teke mpira mwekundu wa raba, kisha wanakimbia kuzunguka vituo vinne. Wamarekani huuita kickball. Sisi tuuite kikiboli, kama tulivyozoea kusema netiboli. Kwao ni mchezo wa utotoni. Asili yake inatajwa kuwa Cincinnati, Ohio, ambako mwaka 1917 ulikuwa umeshaandikwa kwenye kitabu cha michezo ya viwanja vya watoto, na vizazi vya wanafunzi wa shule za msingi vimekua nao. Watu wazima waliurudia baadaye sana. WAKA, shirika la kikiboli ya watu wazima lililosambaza ligi za namna hii katika miji mingi ya Marekani, lilizaliwa hapa hapa Washington mwaka 1998.

Mji huu umejaa watu waliofuata kazi wakaacha ndugu na marafiki walikotoka, Wamarekani wenyewe wakiwamo. Ligi inakukutanisha na watu walewale kila wiki, kwa wiki sita hadi nane, bila mtu kulazimika kukukaribisha kwake. Kwa mgeni wa vitongoji kama Silver Spring au Alexandria ambaye siku zake ni kazini, kwenye treni na kitandani, hiyo ni faida kubwa. Lakini ndugu zetu wengi huingia na dhana moja: mpira wa miguu tunaujua, hawa tutawaonyesha. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Anza na mpira wenyewe. Mpira wa soka wa saizi ya 5 una kipenyo cha sentimita 22 hivi, na hujazwa upepo usiopungua paundi 8.5 kwa inchi ya mraba. Mpira wa kikiboli ya watu wazima una kipenyo cha inchi 10, yaani sentimita 25, na upepo wake ni kama paundi 1.5 tu. Ni laini na mwepesi. Ukiupiga kwa nguvu zote chini ya kitovu chake, unabonyea, unapaa, unaishiwa kasi, halafu unaelea hadi mtu ajipange chini yake kwa raha zake. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ni auti, yaani ametolewa, papo hapo, na auti tatu zinamaliza zamu ya timu nzima. Shuti ambalo Dar es Salaam lingeamsha jukwaa, hapa ni zawadi kwa wapinzani.

Pigo linalofaa ni la chini. Tumia upande wa ndani wa mguu au mgongo wa mguu, goti likiwa juu ya mpira na kifua kimeinama mbele, uguse juu kidogo ya kitovu ili mpira uende ukidundadunda. Uelekeze kushoto kwako, kwenye mstari wa kituo cha tatu. Sababu ni hesabu. Wewe unakimbilia kituo cha kwanza, upande wa kulia, umbali wa futi 60 ambazo ni mita 18 na kidogo. Mtu wa kawaida huchukua kama sekunde nne. Atakayeokota mpira karibu na kituo cha tatu ana karibu mita 26 za kuurusha hadi kituo cha kwanza, na mpira huu mkubwa, mwepesi, hauendi mbali wala haunyooki. Atachelewa, au ataurusha juu ya kichwa cha mwenzake.

Simama hatua tatu au nne nyuma ya kibao cha nyumbani, yaani mahali pa kupigia. Anayeviringisha mpira yuko kama mita 13 mbele yako. Anza kusogea mpira ukiwa nusu ya njia, hatua fupi, ya mwisho ndefu kidogo. Mguu lazima ukutane na mpira kwenye kibao au nyuma yake. Wacheza soka huufuata mpira mbele, na ligi nyingi huhesabu pigo hilo kuwa mpira wa nje, yaani pigo batili. Mara nyingi mipira minne ya nje ni auti, ingawa ziko ligi zinazohesabu kila mpira wa nje kuwa straiki, yaani kosa la mpigaji, na straiki tatu ni auti. Soma kanuni za ligi yako kabla ya mechi ya kwanza.

Jambo jingine linalowashinda wacheza soka ni kuuacha mpira upite. Mpira ukiviringishwa nje ya eneo la kupigia, au ukidunda juu kupita kipimo, uache: hiyo ni boli, na boli nne zinakupa kituo cha kwanza bure. Mtu aliyekulia uwanjani hawezi kuona mpira ukipita asiuguse, na waviringishaji wajanja wanalijua hilo. Watakupa mipira ya pembeni makusudi mpaka upige vibaya.

Sasa upande wa kulinda uwanja. Hapa ndipo tunaposema, kabla hujamwita kaka yako straika, mwite dada aliyecheza netiboli shuleni. Mpira wa netiboli unakaribiana na huu kwa ukubwa. Yeye amefundishwa kudaka kwa mikono miwili, kutuliza, kuangalia, na kutoa pasi ndani ya sekunde tatu. Hicho ndicho kikiboli inachodai kwenye kituo cha kwanza, ambako auti nyingi hupatikana. Ligi za hapa ni za mchanganyiko, na nyingi zina kanuni ya idadi ya chini ya wanawake uwanjani. Timu inayowaweka wanawake pembeni kwenye nyasi za nyuma ili kutimiza kanuni tu hupoteza mechi, na inastahili kupoteza. Kwa kanuni za WAKA uwanjani huwa watu 11, na timu isiyofikisha 8 haiwezi kuanza.

Mpira wa juu usiupigie makofi kwa viganja. Utadunda na kutoka. Wahi mahali utakapoangukia, sogeza viwiko karibu, viganja viangalie juu, uupokee kwa mikono na kifua kama unayepokea mtoto mchanga. Vidole visiuelekee mpira moja kwa moja: kidole kilichogongwa kwenye ncha ni jeraha la kawaida katika mchezo huu. Siku ya upepo, subiri hatua moja nyuma zaidi ya macho yanavyokuambia, kwani kukimbia mbele ni rahisi kuliko kurudi kinyumenyume.

Waliocheza rede Tanzania au kati Kenya wana hazina nyingine. Mkimbiaji aliye nje ya kituo akipigwa na mpira, ni auti. Kukwepa, kuruka, kusimama ghafla ili mpira upite mbele, yote hayo mwili wao unayajua. Tofauti ni kichwa: ligi nyingi hulinda kuanzia mabegani kwenda juu, na mkimbiaji aliyepigwa hapo hubaki salama, ila kama aliinama mwenyewe akakutana na mpira. Kwa hiyo anayerusha alenge magoti hadi kiuno. Na asirushe ovyo. Mpira ukimkosa mkimbiaji unabiringika hadi nyasi za mbali, naye anaongeza kituo. Zaidi ya hatua nne au tano, mpe mwenzako aliye kwenye kituo.

Kanuni inayowatoa watu wetu kuliko nyingine zote ni ya kulazimika na kutolazimika. Waliocheza raunda shule za Kenya huielewa upesi. Wengine wasome taratibu. Wawili hawawezi kukaa kituo kimoja. Ukiwa kituo cha kwanza na mwenzako akapiga mpira ukaenda chini, anakuja kwako, basi umelazimika kuondoka. Mpinzani hana haja ya kukugusa: akikanyaga kituo cha pili akiwa na mpira mkononi kabla yako, umetoka. Lakini ukiwa kituo cha pili na cha kwanza hakina mtu, hakuna anayekusukuma. Unaweza kubaki, na ukiamua kukimbia, lazima wakuguse kwa mpira au wakupige nao. Ndiyo maana mkimbiaji mzuri hujiuliza kabla ya kila pigo: nyuma yangu vimejaa vituo vyote, au kuna pengo?

Mpira ukiwa juu, kanuni inageuka. Ukidakwa, kila aliyekwisha kimbia anatakiwa arudi aguse kituo alichotoka, na wapinzani wakiufikisha mpira pale kabla yake naye ni auti. Pigo moja, auti mbili. Mgeni huona mpira umeenda mbali akafurahi, akatimua mbio, na zamu inaishia hapo. Mpira ukipanda, simama hatua chache kutoka kituoni na uangalie. Ukianguka, endelea, ukidakwa, rudi uguse, kisha kama mdakaji yuko mbali unaruhusiwa kukimbia mbele. Kuondoka kituoni kabla mpira haujapigwa hakuruhusiwi, na kuiba kituo hakupo. Mkiweza kumweka mtu mwenye sauti kando ya kituo cha tatu, amwambie mkimbiaji “baki” au “nenda”, mtapunguza nusu ya makosa. Semeni Kiswahili kama timu ni yenu, wapinzani hawatafuata.

Vituo vyenyewe mara nyingi ni vipande vyembamba vya raba vilivyolazwa juu ya nyasi. Zikilowa umande au mvua vinateleza. Kanyaga ukingo, usikanyage katikati, na kwenye kituo cha kwanza pitiliza moja kwa moja badala ya kufunga breki, maana kupitiliza hapo kunaruhusiwa. Viatu vya soka vyenye njumu za plastiki vinafaa. Vya chuma havikubaliwi. Nyasi za Mall mwezi Agosti huwa kavu na ardhi ngumu, yenye mashimo yaliyofichika, hivyo kifundo cha mguu kiko hatarini kuliko goti. Msuli wa nyuma ya paja nao huchanika kwa sababu inayojulikana: mtu amekaa ofisini kwa muda wa saa nane, anafika, anasimama dakika kumi akingoja zamu, halafu anakimbia kwa kasi yote. Kimbia taratibu dakika tano kabla ya kila zamu ya kupiga, hata kama wenzako wamekaa.

Usajili ni wa namna mbili. Unaingia na timu iliyokwisha undwa, mara nyingi ya ofisini, au unajiandikisha kama mchezaji huru na ligi inakutafutia timu. Kwa anayetaka kujuana na watu, njia ya pili ni bora: timu za wachezaji huru hazina kundi la marafiki wa zamani wanaozungumza wao kwa wao. Ada ya dola 60 hadi 100 kwa msimu ni ya kawaida, fulana ikiwa ndani yake. Utatakiwa kusaini kwamba ukiumia ligi haihusiki. Waliozoea nyumbani husaini bila kusoma. Hapa maana yake ni kwamba bili ya hospitali ni yako. Hakikisha bima yako inafanya kazi kabla ya mechi ya kwanza. Kwa kidole kilichovimba au kifundo kilichoteguka kidogo, nenda kliniki ya haraka ya mtaani, iliyo kwenye mtandao wa bima yako, kuliko chumba cha dharura cha hospitali ambacho bili yake huwa kubwa mara nyingi zaidi. Kichwa kikigongwa, mfupa ukipinda au maumivu ya kifua, hapo ni dharura, usihesabu dola.

Baada ya mechi timu huenda baa. Ni sehemu ya mchezo kwao, na urafiki mwingi hujengwa pale kuliko uwanjani, kwa hiyo asiyekunywa asikimbilie nyumbani. Agiza soda au maji yenye limau. Hakuna atakayekuuliza sababu, na ukiulizwa, “situmii” inatosha. Beba kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa hata kama una mvi. Lakini pombe isifunguliwe kwenye nyasi za Mall wala barabarani. Wengine watakuambia kila mtu hufanya hivyo kwenye kikombe cha plastiki. Mtu mwenye viza au maombi ya makazi yanayoendelea ana cha kupoteza zaidi kuliko wao, kwani hata kukamatwa kwa kosa dogo huulizwa kwenye fomu za uhamiaji.

Mechi hudumu chini ya saa moja na huanza kwa wakati, kwani uwanja umelipiwa kibali cha saa maalumu. Timu isiyotimia baada ya dakika chache hupoteza bila kucheza. Mwezi Juni jua huzama saa mbili unusu usiku, kwa hiyo kuna mechi za saa moja na za saa mbili kasoro. Mwishoni mwa Oktoba giza linaingia baada ya saa kumi na mbili tu, na misimu ya vuli huwa na ratiba za mapema: ukitoka kazini saa kumi na moja Bethesda, chagua ligi ya wikendi. Kwa Mall, shuka stesheni ya Smithsonian. Siku ya mawingu angalia ujumbe wa ligi kabla hujatoka ofisini, na radi ikisikika mkiwa uwanjani, ondokeni wote mara moja na msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mnaongoza na imebaki auti moja.