Chai Chini ya Kitonga

Mshale wa joto la injini ulipanda ghafla tulipoipita Ruaha Mbuyuni, na kabla hatujaanza kupanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, mvuke ukawa unafuka mbele. Tukamshukuru Mungu palepale. Anayeijua Kitonga anaelewa: ukuta wa mlima upande huu, bonde upande ule, malori ya Tunduma yanajikongoja kwenye kona, na ukiharibikiwa katikati yao umeharibu siku ya kila mtu. Sisi tulipata nafasi ya kuegesha pembeni kabisa, kwenye changarawe.

Gari letu ni Coaster ya zamani. Tuling'oa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi na tenki la maji. Mwenzangu akapanga pembetatu, nami nikakata matawi nikayalaza barabarani, maana madereva wa njia ile majani wanayaelewa haraka kuliko pembetatu. (Tuliyaondoa wakati wa kuondoka. Wanaotengeneza magari yao wakaacha mawe juu ya lami, sijui wanadhani nani atakuja kuyaokota.)

Kisha tukakaa. Hapo ndipo pagumu. Ukifungua kifuniko cha rejeta, inayopoza maji ya injini, injini ikiwa ya moto, maji yanakurukia usoni. Na ukimimina maji baridi kwenye injini iliyochemka, silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupasuka, na hiyo haitengenezwi barabarani. Basi nikabandika chai.

Ukiharibikiwa na gari dogo, watu wanakupa pole na kupita. Ukiharibikiwa na nyumba, wanakuja kukutembelea. Wauza vitunguu walitangulia, wakachungulia, wakauliza kama kweli tunalala humo. Mama mmoja akatua beseni lake, akavua ndala pale mlangoni na kupiga hodi. Nikajikuta naitikia karibu, mama, karibu ndani, huku nikimtafutia kikombe.

Baadaye akasimama dereva wa semi-trela aliyekuwa anakwenda Tunduma. Hakuuliza mengi. Alipapasa mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji, akatuonyesha ufa wa urefu wa kidole, karibu na klipu. Mwenzangu alikuwa ameshatoa solotepu.

"Mzee, hiyo ikipata moto inaachia," dereva akamwambia, na kumtuma tani boi wake alete tyubu kuukuu.

Kijana aliukausha mpira kwa kitambaa changu cha vyombo. Akakata ukanda wa tyubu, akauvuta mpaka ukawa mwembamba, akaanza kuuzungusha mbali kidogo na ufa, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia, hadi akavuka upande wa pili. Mwisho akakaza kwa waya. Kifuniko cha rejeta hawakukifunga mpaka mwisho: msukumo ukipungua, kiraka hakisumbuliwi sana. Lakini hapo maji nayo huchemka mapema, kwa hiyo tukaambiwa twende polepole na tuwashe hita, ivute joto la injini. Hita, kwenye joto la Ruaha Mbuyuni!

Maji ya kujazia yalitoka kwenye tenki letu la kuogea. Pesa dereva alikataa. Chai alikunywa vikombe viwili, akasema imezidi tangawizi.

Tulipanda Kitonga madirisha wazi, hita ikitupuliza miguuni, tukisimama kila penye nafasi ili injini ipoe na tuongeze maji. Ilula tulifika tumelowa kama tuliotoka kuoga, na kuoga kwenyewe hakukuwepo tena.

Iringa mpira mpya ulipatikana. Fundi alitaka kubadilisha huo mmoja tu, nikamwambia abadilishe na wa chini pia, pamoja na ile midogo ya hita. Yote ni ya umri mmoja. Mmoja ukishachoka, wenzake hawako mbali. Mwenzangu bado analalamikia gharama. Mimi nimeshatafuta tyubu kuukuu nzima, nimeiweka chini ya kitanda, upande wake.