Propela ikivuma, usianze na spana

Gari la zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likianza kutetemeka, krosi za propela (viungo vinavyojikunja kwenye mhimili unaopeleka nguvu ya injini hadi nyuma) hulaumiwa kabla mtu hajaingia chini ya gari. Mara nyingi kosa ni lao kweli, ila kipimo cha kwanza kinafanyika barabarani.

Tafuta mwendo ambao mtetemo unaanzia, tuseme kilomita 80 kwa saa, kisha kwa mwendo uleule shuka kutoka gia ya nne hadi ya tatu. Ukibadilika kufuata mzunguko wa injini, kagua mauntingi (raba zinazoshikilia injini) na klachi. Ukibaki vilevile, uko kwenye propela, difu (kikasha cha meno katikati ya ekseli ya nyuma) au magurudumu. Tairi na propela hutofautishwa kwa kasi: kwa difu ya 4 kwa 1, gurudumu likizunguka mara 1 propela imeshazunguka mara 4. Tairi lisilo na balansi hutikisa taratibu. Propela huvuma, na mvumo unaupata sakafuni na kwenye kiti.

Kishindo cha "ko!" unapoachia klachi ni uchezaji, yaani ulegevu, ama wa krosi iliyolika ama wa meno ya difu. Mlio wa chwi-chwi unaokwenda kasi kadiri gari linavyokwenda ni krosi iliyokauka grisi. Gari likitetemeka pale tu linapoondoka, na propela ni ya vipande viwili, anza na raba ya senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati.

Zuia magurudumu ya mbele, simamisha nyuma juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi), weka nyutro, achia hendibreki. Shika propela kwa mkono mmoja na flenji (sahani ya difu inayofungwa na propela) kwa mwingine, zungusha kinyume. Difu ikicheza kidogo ni kawaida. Krosi haitakiwi kucheza hata kidogo. Vumbi jekundu la kutu pembeni mwa kikombe cha krosi linatosha kuihukumu.

Kuna krosi isiyocheza lakini ni mbovu. Fungua flenji, kunja krosi kwa mkono: ikinasa inapopita katikati, sindano za beringi zilizo ndani ya vikombe zimeshachimba mifereji kwenye chuma. Ukucha utaihisi hata jicho lisipoiona.

Kabla ya kufungua, piga alama kwa panchi kwenye flenji na kwenye splaini (meno ambapo propela huchomekana). Yoki (uma zinazoshika krosi) za ncha zote mbili sharti zilale usawa mmoja; ukirudisha splaini jino moja pembeni, krosi mpya zitatetemesha gari kuliko zile za zamani.

Kikombe kikigoma kuingia na klipu isikae kwenye mfereji wake, sindano moja imelala chini yake. Usitwange. Toa, zigandishe sindano kwa grisi, rudia. Kiungo kikiwa kizito baada ya kufunga, gonga yoki kidogo kwa nyundo ya shaba mpaka kilegee.

Kila kitu kikiwa kipya na mvumo bado upo, uliza kama springi zimewahi kushushwa ili gari likae chini zaidi. Pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma zisipishane zaidi ya digrii 1 hivi, na difu iliyoinamishwa pua haisahihishwi na krosi yoyote.