Cheo cha Erroll na Nasaba ya Kuukeni

Hapa Mombasa, kama kwingineko nchini Kenya, Lodi Erroll akitajwa watu hukumbuka mauaji tu: Josslyn Hay alipigwa risasi karibu na Nairobi tarehe 24 Januari 1941, mshtakiwa akaachiliwa na mahakama, na hakuna mwingine aliyetiwa hatiani. Mimi nimevutwa zaidi na swali la nani aliyemrithi, kwa sababu hakuacha mwana wa kiume, ila binti mmoja wa miaka 15, Diana.

Ukoo wa Hay ni wa Uskoti. Mfalme Robert Bruce alimpa Gilbert Hay kazi ya Konstebo Mkuu, yaani afisa mkubwa wa jeshi la mfalme, mwaka wa 1314, iwe ya kurithiwa na kizazi chake, na mwaka wa 1452 Mfalme James wa Pili akamfanya William Hay kuwa Earl (cheo cha ukabaila) wa kwanza wa Erroll. Cheo hiki, tofauti na vingi vya Uingereza, huweza kupita kuukeni. Mwaka wa 1717 Earl Charles alipofariki bila mke wala mtoto, dada yake Mary alikishika kwa zaidi ya miaka 40. Naye alipofariki mwaka wa 1758 bila mtoto, kilimwendea mjukuu wa dada yake, James Boyd. Baba yake James, Earl wa Kilmarnock, alikuwa amekatwa kichwa jijini London mwaka wa 1746 kwa kuasi pamoja na wafuasi wa ukoo wa Stuart, na cheo chake kikapotea. James akachukua jina la Hay, akaishi kwa urithi wa upande wa bibi yake.

Sisi ambao wazee wetu hutusimulia habari za Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, yaani Mombasa ya kale, kabla ya utawala wa Shehe Mvita, hatuna haja ya kulistaajabia hilo.

Basi mwaka wa 1941 urithi uligawanyika. Diana akawa Earl wa 23 kwa hesabu ya nasaba, akiitwa Countess, na ukonstebo ukamfuata. Lakini Josslyn alikuwa pia Baroni wa Kilmarnock, cheo kilichoanzishwa mwaka wa 1831, nacho hupita kuumeni pekee. Kikaenda kwa mdogo wake Gilbert, aliyeacha jina la Hay na kulirudia la Boyd. Diana alifariki mwaka wa 1978, na mwanawe Merlin, aliyerithi, anaitwa Hay kwa jina la mama yake.